Siitikii Ukuta

"Yuko hapa," mdogo wangu alisema, akagusa kichwa chake kwa kidole, juu kidogo ya sikio la kushoto. "Juzi alikuwa huku nyuma. Amesogea."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kinyozi, shuka jeupe limemfunika mpaka shingoni. Mimi nilisimama nyuma yake na mashine ya kunyolea ikivuma mkononi. Duka lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa mchana kweupe. Nywele zilikuwa zimeota kwa mafungu mafungu kandokando ya kovu la upasuaji, mfano wa bustani iliyopitiwa na mbuzi, naye hakutaka kinyozi mwingine amguse. "Nipeleke kichwa hiki kwa washindani wangu? Si watanitangaza mji mzima!" Basi akanikabidhi mashine mimi, ambaye sijawahi kunyoa hata mwanasesere.

Duka lile lina vioo viwili vinavyotazamana. Nilipoinua macho niliviona vichwa vyake vimejipanga kimoja nyuma ya kingine mpaka vinafifia kule ndani, na kwenye kila kichwa kidole kimegusa palepale.

"Nani yuko hapo?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Mama. Nani mwingine?"

Nikazima mashine. Mama yetu alikuwa amekufa tukiwa bado tunakaa pamoja nyumbani, mimi na yeye, na kaburi lake tumelipalilia kwa mikono yetu.

Sikilizeni, lazima niwaeleze kuhusu mama, la sivyo mtasema mdogo wangu alikuwa amechanganyikiwa tu. Mama alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine. Ukimwita kutoka chumba kingine, haitiki. Utaita mpaka koo likauke, utadhani nyumba haina mtu. Ukichoka ukamfuata, unamkuta ametulia na kazi yake, anakwambia, "Nimekusikia tangu mwanzo. Mimi siitikii ukuta. Njoo nikuone uso." Na sisi alitulea hivyohivyo. Akituita, hatukuruhusiwa kujibu kwa kelele tulipo. Unaacha unachofanya, unakwenda, mkishaonana ndipo unaitika, mimi "abee" na mdogo wangu "naam". Siku moja mdogo wangu aliitika kutoka chini ya kitanda alikokuwa amejificha, na mama akamchapa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakueleza kwa nini. Ninachokumbuka ni kwamba mkono uliomchapa ulikuwa unatetemeka.

Mama ndiye aliyempa mdogo wangu jina la Kichwa, kwa sababu alizaliwa na kichwa kikubwa kuliko haki yake. Jina likaganda. Alipofungua duka la kunyoa akaliandika mlangoni, Kwa Kichwa, na watu wakacheka. Alipoambiwa ana uvimbe kwenye ubongo alinitazama, akasema, "Umeona? Mama aliniita mapema." Mimi nilikuwa nalia, na bado akanichekesha. Ndivyo alivyo.

Mimi mama aliniita Bibi Amri. Nadhani mnaelewa sababu; hata kazini jina lilinifuata.

Daktari wa upasuaji aliutoa uvimbe, akatuambia ametoa kila alichokiona. Kilichobaki ni mionzi, ya kuua mabaki yasiyoonekana. Sauti ilianza wakati huohuo, Kichwa akiwa nyumbani kwangu anangoja kidonda kipone. Anakula, ghafla kijiko kinasimama hewani. Anageuza shingo kidogo kushoto. Uso wake unakuwa wa mtoto aliyeitwa wakati anacheza.

Madaktari walisema ni umeme wa ubongo unaoruka njia, kovu linachokoza sehemu ya kusikia. Wakampa vidonge. Vidonge vikazuia kuanguka kwa kifafa, lakini sauti haikuzuilika. Nami nilikubaliana na madaktari, maana ndiyo kazi yangu. Nimeendesha mashine ya MRI, ile ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, miaka yote ya utu uzima wangu, sikuajiriwa kuamini mizimu. Lakini Kichwa alikuwa akinieleza mambo. Kwamba mama hapazi sauti. Kwamba anaita kama aliye chumba cha pili, mlango umerudishwa. Kwamba kila baada ya siku kadhaa anatokea mahali pengine, karibu zaidi, na kwamba yeye Kichwa hajaitika hata mara moja.

"Kwa nini huitiki?" nilimuuliza.

"Sijamwona uso, dada."

Nitasema ukweli, na mnicheke mkitaka. Nilimwonea wivu. Mgonjwa wa saratani, amekonda, suruali inafungwa kwa kamba, nami nilimwonea wivu mpaka kifua kikauma. Mama alikuwa akija, na alikuwa anamwita yeye tu.

Siku ile dukani nilimaliza kumnyoa, nikamfuta shingo kwa taulo. Kesho yake tulitakiwa kumwona daktari wa mionzi, mwanamke mpole, mnyoofu, asiye na maneno mengi. Alikuwa ameshanionyesha mpaka wa mionzi aliouchora kwenye picha ya kawaida: shimo lililoachwa na uvimbe, na ukingo kuuzunguka. Pale Kichwa alipoweka kidole palikuwa nje ya mpaka. Kwenye picha palionekana pasafi kabisa.

"Siendi," Kichwa alisema kwenye kioo.

"Huendi wapi?"

"Kwenye mionzi. Wakichoma humu ndani, yeye atakwenda wapi?"

"Kichwa, usinitanie."

"Sitanii. Nimempoteza mara moja. Mnataka nimfukuze mwenyewe?"

Nilimfokea. Nilimwambia bila mionzi hatamaliza mwaka, na nikalisema kwa sauti iliyogonga vioo vyote viwili. Akavua shuka, akalikung'uta nywele, akalikunja vizuri kama afanyavyo kwa kila mteja. Alikuwa anaogopa kufa kama mtu yeyote. Ila aliogopa zaidi kitu kingine.

Ndipo nikamwekea sharti. Nilimwambia kuna picha ya namna nyingine, haijapigwa kwake bado. Nitaipiga mwenyewe. Ikionyesha pale penye kidole hapana ugonjwa, basi mgeni wake ni mgeni wake, na hakuna mwale utakaopaelekea. Ikionyesha ugonjwa, atalala kwenye mionzi bila kunibishia.

Alifikiri, akasema, "Na nimwitike mara moja kabla hamjamfukuza."

"Sauti bila uso?"

"Mara moja tu, dada. Nitamwomba radhi."

Nikasema sawa, ila aitike mashine ikishanyamaza. Akitikisa taya wakati inafanya kazi, picha nzima inaharibika.

Picha yenyewe ni hivi. Picha ya kawaida inakuonyesha umbo: huu ubongo, hili kovu, huu uvimbe. Hii nyingine haijali umbo. Inaugawa ubongo katika visanduku vidogo vingi na kuuliza kila kisanduku kina kemikali gani. Shida ni maji. Maji yamejaa kila mahali na yanapiga kelele kushinda vyote, mfano wa yule mjomba ambaye akiwa ukumbini hakuna mwingine anayesikika. Kwanza unamnyamazisha mjomba. Ndipo zinasikika sauti ndogo za pembeni. Mwanafizikia wetu alikuwa akihangaika na kunyamazisha maji asubuhi hadi jioni, tukamwita Mzee Maji, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma zile sauti. Kuna kemikali iliyomo kwenye seli za neva zilizo hai. "Ikishuka," alisema, "ujue wenyeji wanahama." Na kuna kolini, inayopanda pale seli zinapoongezeka kwa kasi, maana kila seli mpya inahitaji ukuta wake. "Ukiona kolini imepanda, ujue kuna mtu anajenga." Wenyeji wakihama na mgeni akijenga, kisanduku kinapakwa rangi nyekundu, hata kama kwenye picha ya kawaida pako safi. Palipo salama panabaki buluu, na penye wasiwasi kidogo kijani.

Nilimlaza Kichwa asubuhi iliyofuata. Nikamfunika blanketi, nikamwekea sponji pande zote mbili za kichwa, nikamtia kimpira mkononi. "Ukizidiwa, binya. Usiseme, usimeze mate ovyo, usitingishike."

"Ndiyo, Bibi Amri."

"Nyamaza."

Akatabasamu, na kitanda kikamwingiza ndani.

Chumba cha mashine ile si kimya kamwe. Sumaku haizimwi, usiku na mchana, na ipo pampu inayoipoza ambayo hulia bila kukoma, chwi, chwi, chwi, kama kifaranga kilichofungiwa kabatini. Wageni huuliza, sisi wenyewe tumeshazoea. Nilikaa upande wa pili wa dirisha la kioo kizito, vipokea sauti masikioni. Mzee Maji alikuwa chumba cha kompyuta, anangoja kupokea ramani. Nikaanzisha. Mashine ikaanza kuguruma. Miguu ya Kichwa niliiona imetokeza kwenye tundu, soksi zimetoboka kidole gumba, imetulia tuli.

Katikati ya kazi, masikioni mwangu, chini ya ule mngurumo, nikasikia wazi:

"Naam, mama."

Ilikuwa sauti ya Kichwa. Laini, ya furaha, kama ya mtu aliyefunguliwa mlango.

Nilitaka kumtukana. Kazi yote imekwenda na maji! Nikatazama ule mstari ulio chini ya skrini, unaofuatilia mjongeo. Mgonjwa akikohoa, mstari unaruka. Akimeza mate, unaruka. Mstari ulikuwa umenyooka. Niliutazama tangu mwanzo wake mpaka pale ulipofika, na haukuwa na hata mkunjo. Nikaacha mashine imalize.

Mngurumo ulipokoma, nikabonyeza kitufe cha kuongea. "Haya, Kichwa. Kama unataka kuitika, itika."

Pampu ikalia, chwi, chwi. Kisha akasema, kwa sauti iliyokauka, "Haniiti tena. Amenyamaza katikati."

"Si kwa sababu umeshamwitika?"

"Mimi? Dada, nimeuma ulimi mpaka umetoka damu, nisije nikamwitika. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilipomtoa alinionyesha ulimi. Alama za meno zilikuwepo.

Ramani ilifunguka jioni ileile, mbele ya Mzee Maji na daktari wa mionzi. Shimo la upasuaji lilikuwa jeusi, ukingo wake buluu na kijani kama tulivyotarajia. Na nje ya mpaka wa daktari, juu kidogo ya sikio la kushoto, palikuwa na visanduku vyekundu vimeshikana mikono, vimekuja kwa mstari kutoka nyuma. Kutoka huko nyuma alikokuwa mama kabla hajasogea. Nikamwita Kichwa aje aone. Akaja, akaweka kidole chake cha kinyozi kwenye skrini, na hakuhitaji kutafuta mahali.

"Kumbe alikuwa anajenga," alisema.

"Seli za uvimbe husafiri kwa kufuata nyuzi za ubongo," daktari alisema kwa upole. "Ni jambo la kawaida. Picha ya kawaida haiwezi kuziona zikiwa chache." Akavuta mpaka wake, akauchora upya ukavizunguka vyote vyekundu. Alimweleza Kichwa kwamba mahali pale ni jirani na sehemu inayotunza maneno, huenda akapoteza baadhi. Hatukumwambia kitu kuhusu mama. Tungemwambia nini?

Kichwa alitimiza ahadi. Alilala kwenye mionzi kila siku aliyoitwa, hakunibishia, na njiani kurudi alikuwa akiegemeza kichwa kwenye dirisha la gari, sikio la kushoto kwenye kioo. Sikumuuliza anasikiliza nini. Alilia mara moja tu, jikoni kwangu, sufuria mkononi. "Kumekuwa kimya sana, dada." Nikamkumbatia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kwamba tumebaki wawili sawa, wasioitwa na mtu.

Amepona? Katika kazi yetu neno hilo tunaliogopa. Ninachoweza kusema ni kwamba yupo. Miaka imepita, wale waliompa mwaka mmoja wamestaafu, na yeye ananyoa. Amepoteza majina ya vitu vingi. Chanuo analiita kile, taulo analiita kile kingine, na wateja wamezoea, wengine wanakuja kwa ajili ya kumcheka na kuchekwa. Kila nikipiga ramani yake mahali pale pamepoa.

Mwaka huu nilikwenda dukani kumpelekea majibu. Hapakuwa na mteja. Nikamwambia kumetulia.

"Najua," alisema. Alikuwa anafuta kioo, na hakugeuka. "Dada, kuna kitu sikukwambia. Siku ile ndani ya mashine. Mama hakunyamaza hivihivi."

"Alifanya nini?"

"Aliita mara ya mwisho. Hakuniita mimi." Akaendelea kufuta palepale palipokwisha kung'aa. "Alisema Bibi Amri."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Nikwambie uanze kujipapasa kichwa? Nakujua wewe. Usingelala."

Alikuwa sahihi, sikulala. Si hofu tu. Laiti ingekuwa hofu tu. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto, hapohapo roho juu. Nikiosha vyombo nilifunga bomba ili nisikilize. Nikiwa peke yangu kwenye korido nilisimama. Sikusikia kitu, na kila nisiposikia nilishukuru, kisha nikavunjika moyo.

Mashine ikifanyiwa matengenezo, huwa tunamlaza mtu mzima mwenye afya ili kuhakikisha ramani inatoka sawasawa. Zamu hiyo niliiomba mimi. Mzee Maji, ambaye sasa ni mzee kwelikweli, akanicheka. "Bibi Amri ndani ya tundu? Leo nitakuamrisha mimi." Nikavua hereni, nikavua saa, nikalala. Akanitia kimpira mkononi. "Usiseme, usitingishike," akasema akiigiza sauti yangu, na kitanda kikaniingiza.

Ndani pamebana kuliko nilivyowaambia wagonjwa maisha yangu yote. Niliuma ulimi taratibu, kama alivyouma mdogo wangu. Mashine ikaguruma. Nikasikiliza chini ya mngurumo, nikasikiliza kushoto, nikasikiliza nyuma, nikamsikiliza mama kwa kila nilichonacho. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa mngurumo tu, mpaka ukaisha.

Mzee Maji alinikuta nimeketi, nafuta macho. Akadhani ni woga wa tundu.

"Kichwa safi," alisema. "Buluu tupu, hakuna hata kisanduku kimoja cha kutilia shaka. Na mstari umenyooka, hukutingishika hata kidogo. Ndiyo maana nashindwa kuelewa." Akakuna kidevu. "Mbona uliitika?"

"Niliitika nini?"

"Katikati. Nimekusikia masikioni wazi kabisa. Umesema, 'Abee, mama.' Nikajua umeota."

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Nilikuwa nimeitwa, na nilikuwa nimeitika, na ni mimi peke yangu ambaye sikusikia.

Nikamwomba atangulie. Alipofunga mlango nilitelemka kitandani bila viatu, nikazunguka mashine mpaka nyuma, kule ambako tundu linafunguka upande wa pili na hakuna anayekwenda ila mafundi. Hakuna ukuta pale. Nikainama, nikauweka uso wangu mahali unapoweza kuonekana.

"Abee," nikasema.

Pampu ikalia, chwi, chwi, chwi. Nilikaa vilevile mpaka Mzee Maji alipogonga dirisha kuniambia mgonjwa wa kwanza amefika.